Bahasha ya Kumi na Saba

Olomouc, Septemba, saa nane za usiku.
Nimeipasha moto mashine tangu jioni:
mirija imejaa maji ya chumvi, haina povu,
chujio jeupe kama shati la Jumapili,
albumini inazunguka, rangi ya asali nyepesi,
inazunguka bila mtu.

Mimi ni fundi tu. Radovan.
Kazi yangu ni kuliweka tayari ini la plastiki
mpaka daktari afungue bahasha.

Kitanda cha nne: Květoslava Hrubá, miaka sitini na mmoja.
Alichuma uyoga chini ya mwaloni,
kofia ya kijanikijani, shina lililovaa soksi.
Tena akausifu, asema mjukuu wake,
ulivyokuwa laini, bila funza hata mmoja.
Akaupika kwa krimu, viazi na siki.
Ulikuwa mtamu. Hilo alilisema mara mbili
kabla macho yake hayajageuka manjano.

Kila baada ya saa nne muuguzi Bohdana humpa kalamu:
"Andika jina lako, mama."
Asubuhi liliandikika lote, na alama zake juu ya herufi.
Adhuhuri lilikosa mkia.
Jioni likawa mlima, kisha bonde,
kisha mstari uliotoka nje ya karatasi
ukaendelea kwenye shuka.

Watu husema jambo limewakata maini
wakiwa wazima, wameshiba, wamesimama.
Ini lenyewe likikatika halisemi.
Huacha tu taka zipande kichwani
kama mji ambao wazoaji wamegoma.

Daktari Alžběta hakuchagua.
Kompyuta ya mji mwingine ilipiga kura mwezi wa tatu,
kabla uyoga huu haujaota.
Ndani, karatasi moja, neno moja: KAWAIDA.
Yaani dawa, dripu, kungoja.
Yaani si mimi.

Mjukuu akaitazama mashine, akanitazama.
"Na hii inazunguka kwa ajili ya nani?"
Nikamwambia tunajaribu. Hatujui kama inasaidia,
na tungejua, kusingekuwa na bahasha.
Ni kweli.
Ukweli ule ulinitoka mdomoni na nyongo yake.

Wiki iliyotangulia, bahasha ya kumi na sita: MASHINE.
Zbyněk, mpaka rangi, rika la mwanangu,
vidonge vya homa alivyomeza peke yake.
Nilimfunga mirija kwa mikono hii.
Manjano ikapungua, amonia ikashuka,
nambari zikapendeza kama daftari la mwanafunzi bora.
Siku ya nne akafa,
nambari zikiwa nzuri.

Leo alfajiri Bohdana kaniletea karatasi huku karakana.
Mlima. Bonde. Halafu K,
K kamili, imesimama kwa miguu yake miwili.
Kipande cha ini kilichosalia kimeanza kujishona,
bila mimi.

Nikafurahi. Nikaona na wivu,
wivu wa fundi, sijui kama una jina.
Kwenye fomu nikajaza: kumi na saba, kawaida, hai.
Mmoja aliye hai hathibitishi kitu.
Mmoja aliyekufa hakanushi.
Wanatakiwa mia na themanini.

Nje mvua inanyesha toka jana,
mvua ndogo ya joto, ile waipendayo wenye vikapu.
Nikafungua chujio jipya.
Nikaiwasha mashine ianze kupata moto.