Herufi Moja

Ghorofa ya tisa, juu ya barabara ya Bunyala,
dirisha langu halifungi,
nimelikaba kwa faili nene la mwaka juzi.

Kazi yangu si kubwa. Nalinganisha majina:
la orodha ya chifu, la kitambulisho, la laini ya simu.
Yakikubaliana yote matatu, nabofya,
na pesa za ukame zinateremka hadi Kitui,
elfu sita na mia tatu
kwa kila ekari iliyokauka.
Yasipokubaliana, mashine inaandika kwa rangi nyekundu:
HAILINGANI.

Mzee wa Endau, ekari moja, mtama na pojo,
kwa chifu ni Mulatya Kisilu.
Kwenye kitambulisho ni Mlatya.
Herufi moja imetua kati yake na pesa zake
kama nzi kwenye chai:
haijazi kikombe, lakini nani atakunywa?

Hupiga kila Jumatatu.
Huanza na salamu, zote, hairuki hata moja,
za watoto wangu asiowajua, za baridi ya Nairobi,
nami nasikia salio lake likivuja.
"Kata, mzee, nikupigie."
"La, nimeweka ya ishirini. Tuimalize."

Mwanzoni nilimwambia alete kiapo cha wakili.
Tukapiga hesabu, yeye kwa sauti, mimi kwa kikokotoo:
nauli ya mjini kwenda na kurudi, elfu moja,
muhuri na saini, elfu mbili.
Karibu nusu ya msaada
ili serikali ikubali kumwita anavyoitwa.
"Mwanangu," akasema,
"mama yangu aliniita. Hakuniandika."

Sina mamlaka ya kuongeza herufi.
Nina mamlaka ya kunywa chai saa nne.
Nimeandika barua kwa mkubwa wangu,
mkubwa ameandika kwa mkubwa wake,
na barua, kama mbuzi wa mahari,
inapitishwa mlango hadi mlango
ikizidi kukonda.

Jumatatu hii alipiga saa tisa.
Hatujamaliza habari za watoto
mvua ikashuka kwa kishindo,
ikapenya pembeni mwa faili,
ikalowesha orodha mezani.

"Hiyo ni nini?"
Nilitaka kusema ni mashine.
"Ni mvua, mzee."

Akanyamaza. Shilingi mbili, tatu zikapita.

"Ni kubwa?"
"Kubwa. Barabara imekuwa mto,
magari yanalia kama ng'ombe waliozuiwa zizini."
"Na inaenda wapi?"
"Kwenye mtaro."
"Halafu?"
Sikujua. Miaka kumi na moja nakaa mji huu,
sijawahi kuuliza mtaro unakwenda wapi.

"Basi," akasema, "na hiyo nayo
imetumwa kwa yule Mlatya."

Akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyemeza vumbi,
salio likamkata katikati.

Jioni nikachomoa faili dirishani nilikaushe.
Miaka miwili limenikinga na upepo
na sikuwahi kulifungua.
Waliofurikiwa, Garsen. Kurasa arobaini.
Hakuna alama ya kulipwa hata moja.
Maji yameingia tena, safari hii kwa dirisha langu,
wino umetapakaa kutoka mstari hadi mstari,
na majina yote, toka la kwanza hadi la mwisho,
sasa yanalingana.