Machi, Riwaka: Glasi ya Kwanza

Alfajiri ile zilikuwa bado juu ya kamba,
mita tano hewani, zimelowa umande.
Kufikia saa tatu zilikuwa ndani ya sufuria,
mbichi, hazijaonja joto la tanuri.
Kisha hamira, kisha subira.
Ndiyo bia ya msimu: huja mara moja,
na kabla theluji haijagusa milima
pipa la mwisho linakohoa povu tupu.

Kazi yangu ni kuonja na kuandika.
Daftari lina madoa. Ukurasa wa leo:
rangi, majani makavu yaliyopitiwa na taa;
povu, jeupe, kaidi, limeng'ang'ania glasi
kama mpangaji asiyelipa;
harufu, ganda la chungwa likikunjwa,
bua la nyanya, nyasi zilizokatwa sasa hivi,
na nyuma kabisa
kitu kimoja nisichokijua jina.

Kwa ajili ya hicho kimoja nikachukua chupa
nimpelekee Merepeka.
Rewi, mpishi wa bia, akacheka:
"Utampelekea kipofu picha?"

Maana homa ya majira ya baridi, mwaka wa tatu huu,
ilimwibia harufu zote.
Siku moja mkate uliungua hadi ukawa kaa
naye kaketi kando anasoma gazeti.
"Pua yangu," husema, "sasa ni pambo la uso."
Lakini alizichuma hopsi tangu ana miaka tisa,
viganja vyeusi kwa utomvu,
na ndiye aliyenionyesha mzabibu wake unavyopanda:
huku kusini huzunguka kamba kinyume na jua,
kama mgeni aliyehamia zamani
na bado anasali kwa saa za kwao.

Akamimina mwenyewe. Akaweka glasi sikioni.
"Inasema," akasema.
Akanywa. Jokofu likanguruma, likanyamaza.

"Uchungu umekaa wapi?"
"Kwenye ncha ya ulimi."
"Mwongo. Uko nyuma, pande mbili,
umesimama kama watu wawili
wanaongoja mlango ufunguliwe.
Mmezichuma siku mbili mapema.
Zile safu za upande wa mto."

Nikampigia Rewi. Kimya kirefu.
"Redio ilitangaza mvua," akasema. Kisha:
"Nani kakwambia?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi;
na huu je?
Harufu iliondoka na mizigo yake yote,
machungwa, nyanya, nyasi, ikafunga mlango.
Uchungu haukuondoka.
Uchungu ulikuwa wa ulimi tangu mwanzo,
ukabaki na nyumba,
ukajifunza kuisema peke yake.

"Sasa wewe," akanisukumia glasi,
"ninusie. Hicho usichokijua jina."
Nikafumba macho. Nikasema: gunia bichi.
"Hapana."
Nikasema: sanduku la mbao, ndani.
"Karibu."
Nikasema: kama koti la mtu
aliyetoka chumbani zamani.
Akapiga meza, bia ikaruka.
"Tumbaku! Lile shamba lote lilikuwa tumbaku
kabla wewe hujazaliwa.
Baba yangu alikuwa na koti la namna hiyo.
Udongo hausahau."

Sijui kama udongo una kumbukumbu
au ni yeye tu.
Rewi atasema ni upuuzi,
kwamba harufu hiyo ni ya chupa niliyoiosha vibaya.
Nimeandika: tumbaku.
Kwa kalamu ya risasi, lakini nimeandika.

Nikanusa tena, nipate uhakika.
Akanyosha mkono.
"Basi. Nirudishie glasi yangu,
bado ina uchungu."