Hatukufika Amboni

Niliwaahidi mapango tangu Jumatatu.
Mwanaidi akalala na tochi chini ya mto
akiiwasha na kuizima, akiiwasha na kuizima,
hata kulipokucha betri zilikuwa zishakufa.
Akasema si kitu, pango litakuwa na taa yake.

Baba yao akaingia kutoka zamu ya usiku,
vumbi la saruji bado limo ndani ya nyusi.
Kombo akamtazama sana: "Baba, umezeeka."
Akacheka, akaanguka kitandani na viatu.
"Nendeni nyie. Mkimkuta popo, mnisalimie."

Basi. Baiskeli moja, roho tatu.
Kombo mbele, juu ya bomba, nimemkunjia kanga asiumie;
Mwanaidi nyuma kwenye keria, miguu ameitanua kama nilivyomfunza,
maana kisigino changu mwenyewe kina kovu la spoku.
Maandazi saba kikapuni.
Tukaiacha Barabara ya Kumi na Tatu jua halijakaza.

Kombo alikuwa na kazi ya kengele.
Akampigia kila aliyepita
na kila kisichopita: nguzo, jalala, paka aliyelala.
Na watu wa Tanga, wallahi, wakamwitikia:
"Haya bwana mkubwa, njia hiyo!"

Kisosora: fyuuu.
Nikadhani ni Kombo. Kombo akadhani ni mimi.
Mwanaidi akachungulia chini: "Mama, gurudumu linalala."
Hapo nikatamka neno
ambalo sijapata kulitamka mbele yao.

Fundi alikuwa kijana, chini ya turubai la bluu.
"Karibuni. Mimi Singano."
Kombo akasikia sindano.
Akajifunika kwa kanga yangu, ameshika tako:
"Sitaki! Mimi siumwi!"
Ikagharimu maandazi mawili kumtoa.

Singano akauvuta mpira wa ndani
kama mtu anayetoa matumbo ya samaki,
akautia upepo, akauzamisha kwenye beseni la maji meusi,
akauzungusha.
Hakuna.
Akauzungusha.
Hakuna.
Kombo ameacha kutafuna.
Kisha, karibu na valvu, vipovu
vidogo, vimeshikana mikono
kama watoto wa chekechea wakivuka barabara.

"Linapumua!" akasema Mwanaidi,
akatia kidole. "Mama, linanitekenya."

Nilitaka kumwambia kijana wa watu afanye upesi,
jua hilo, na njia bado.
Yeye akausogeza mpira upande wa Kombo
naye atekenywe.
Akampa msasa asugue. Akampaka Mwanaidi
tone la gundi ukuchani, alinuse, akunje uso.
"Sasa pulizeni, ikauke."
Wakapuliza hata mate yakawatoka.
Kiraka kikashika. Kombo akakigonga kwa ngumi,
mara tatu, kama fundi aliyezaliwa na kazi.
"Mia tano," akasema Singano, "na andazi moja."

Ilipofika saa tano, Kombo alikuwa kalala juu ya usukani,
kengele ameikumbatia.
Nikatazama barabara ya Amboni inavyometameta,
nikageuza.
Nilingoja kilio kutoka nyuma.
"Polepole, Mama," akasema Mwanaidi. "Usimwamshe."

Baba yao alikuwa ameamka, ameoga, kijana tena.
"Haya, mapango mmeyaona?"
Mwanaidi akanyosha ncha ya kidole cha mwisho,
gundi bado ukuchani.
"Ni moja tu. Dogo hivi. Na huwezi kuliona
mpaka ulizamishe majini."

Akanigeukia mimi. Nikafungua kinywa nieleze,
Kombo akaniwahi:
akalitamka lile neno la Kisosora,
zima, safi, halina herufi iliyopungua.

Mimi nikawa nahesabu maandazi.