Kikombe cha Wageni

Kabla sijaweza kutamka jina langu, Uljana,
mama alinikamata mkono wa kulia jikoni,
akanyoosha vidole viwili, cha shahada na cha kati,
vile vitatu akavikunja, akavibana
hadi vikauma. "Hivi. Siyo kama wale wa mjini."
Kuna watu waliochomwa moto kwa ajili ya vidole hivi,
alisema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Kijiji chetu ni barabara moja tu:
huku ziwa Peipsi, kule matuta ya vitunguu.
Taavet alizaliwa hatua arobaini kutoka mlangoni petu,
nyumba isiyo na watakatifu ukutani,
yenye kinanda, na Jumapili za kulala hadi saa nne.
Hatua arobaini. Nilizihesabu nikiwa mtoto,
nikazihesabu tena nilipovunja ungo.
Je, mkunga angekosea mlango usiku ule wa theluji,
ningeogopa moto upi?
Nilimuuliza mama.
Akanipa jembe, akanionyesha tuta.

Rafuni vikombe vyetu vilikaa upande wa jiko.
Kimoja kilikaa peke yake, cheupe, mstari wa buluu,
mpini umevunjika:
cha tarishi, cha daktari wa ng'ombe,
cha yeyote aombaye maji na si wa imani yetu.
Hakikuoshwa na vingine.

Nilikwenda Tartu kusomea udongo.
Huko imani ilinitoka
kama unyevu unavyotoka kitunguu kilichotundikwa darini:
sikusikia chochote.
Siku moja niligusa, kavu.

Nikaolewa na Taavet, mbele ya karani na mhuri.
Tuliporudi, mama alinikumbatia,
akalia begani pangu hadi kitambaa chake kikafunguka pini.
Kisha akanimiminia chai
kwenye kikombe cheupe chenye mstari wa buluu.
Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.
Akanisogezea sukari.
Nilikinywea miaka kumi na tisa.

Siamini. Nimemwambia mume wangu, nimemwambia mwalimu wa mwanangu,
nimejiambia mwenyewe mbele ya kioo, nikipiga mswaki.
Lakini radi ikipasuka, ndege ikitikisika,
usiku ule mtoto alipowaka homa,
mkono ulikwenda wenyewe:
paji, tumbo, bega la kulia, bega la kushoto.
Vidole viwili.
Taavet hucheka. Yeye naye haamini, ila kutoamini kwake
ni kwepesi, kama koti alilorithi likamkaa sawa.
Mimi Mungu nisiyemwamini ni yule yule wa mama,
mwenye macho makubwa meusi juu ya taa ya mafuta.
Wa watu wengine sijawahi hata kuwakana.

Wasemao samaki mkunje angali mbichi
hawajawahi kutuambia
samaki mkavu, ukijaribu kumnyoosha,
anavunjikia wapi.

Mwezi wa tatu, barafu ikilia ziwani,
nilikuwa zamu ya usiku kitandani kwa mama.
Hakula siku nne. Kamba yake ya ngozi ya kuhesabia sala
ilikuwa imeangukia chini ya shuka, nikamrudishia.
Akaomba maji.
Umeme ulikuwa umekatika. Nilipapasa rafu,
nikashika nilichozoea kushika,
nikajaza, nikamwinua kichwa.
Kidole gumba chake kilipita pale mpini ulipovunjika,
kikasimama.
Nikafungua mdomo nimwambie ngoja, nikuletee chako.
Mama akanywa.
Akanywa yote, akafuta midomo kwa kiganja,
akasema maji ni baridi.

Kulipokucha nilikiosha.
Nikasimama nacho mbele ya rafu, kinadondosha matone,
nisijue nikiweke upande gani.