Kabari ya Mninga

Waliniletea Alhamisi, limefungwa blanketi kama mgonjwa,
zeze la nyuzi mbili, kichwani limechongwa farasi.
Tumsifu wa ukumbi wa Upanga ndiye aliyewaongoza,
akiruka madimbwi ya Keko na viatu vyake vyeupe.
"Fundi Chaurembo, tamasha ni keshokutwa.
Mwenyewe katoka Mongolia,
hewa ya Dar imemfungulia chombo."

Kweli, tumbo lilikuwa limeachia.
Ukucha wangu ulipita ukingoni bila kubisha.
Gundi yao ilizaliwa penye baridi kavu,
haikuwahi kuambiwa habari za Februari yetu,
shati linavyolowa kabla hujalifunga vifungo.

Mimi ni mtu wa vitanda.
Vitanda, makabati, milango,
na jeneza, ikibidi, usiku.
Miaka thelathini na moja nalipwa ili mbao zinyamaze:
kitanda kikilia, mteja anarudi,
hasemi kitu, anatazama chini,
nami najua, nachukua nta.
Leo naambiwa: lifanye liseme.

Mwenye zeze jina lake lilikuwa refu,
nikalikata pale pa kushikika: Saikani.
Mabega mapana, mashavu mekundu,
jasho linamtiririka hajui alifute na nini.
Pazi akampa kitambaa cha vanishi.
Akafuta. Akanukia duka letu.

Lugha hatukuwa nayo.
Aligonga ubao kwa kidole, akatega sikio.
Nami nikagonga, nikatega sikio.
Hivyo ndivyo nichaguavyo mbao Buguruni,
wauzaji wananicheka,
eti fundi anatafuta tikiti lililoiva.

Nikachonga kabari, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti,
ya mninga wa Tabora, bakio la mguu wa meza.
Gundi nikaipasha kwenye kopo la maziwa.
Nikalibana zeze kwa mpira wa baiskeli,
feni ikalipuliza usiku
mpaka luku ikaisha.

Jumamosi nikavaa suruali ya Idi.
Walinikalisha mbele, pamoja na wageni waalikwa,
mikono yangu nikaificha, kucha zina rangi.
Akatoka mzee mmoja, kanzu ya buluu, mshipi wa njano,
akaimba sauti mbili kwa koo moja:
ya chini kama jenereta la jirani,
ya juu kama birika likichemka chumba cha pili.
Watoto wakacheka. Halafu wakaacha.

Ndipo Saikani akaketi,
akapitisha singa za farasi juu ya singa za farasi.
Mshereheshaji alikuwa ametuambia:
sikieni nyika, sikieni kwato.
Mimi sikusikia kwato.
Nilikuwa nasikiliza ufa,
kama usikilizavyo pumzi za mtoto mwenye homa,
kila ikipanda unasema, hii sasa,
kila ikishuka unasema, bado.

Wimbo wa kwanza, ufa.
Wimbo wa pili, ufa.
Katikati ya wa tatu nikashtuka:
nilikuwa nimeusahau.
Sijui nilikuwa wapi.
Suruali ilikuwa imelowa magotini
kwa viganja vyangu mwenyewe.

Wameshaondoka.
Malipo yalikuja kwa simu, na ujumbe wenye picha ya farasi.
Lakini kuna jambo sikumwambia Tumsifu amfikishie:
mninga wangu umezoea unyevu wa huku.
Kule kwao utasinyaa,
pengine mwezi huu, pengine mwakani,
kabari itachomoka, ianguke ndani.

Naye atalinyanyua zeze, atalitikisa,
atasikia kitu kidogo tumboni,
ko,
ko,
atatega sikio.