Gari Linaota

Saa kumi na moja kasoro robo.
Huku Tromsø nimemaliza kuhesabu chembe za damu
za watu nisiowajua.
Nimevua glovu, nimeketi chumba cha kubadilishia nguo,
soksi moja mguuni, nyingine mkononi,
na kwa kidole gumba, mwendo wa kutwa nzima kutoka hapa,
nalipasha moto gari la baba.

Simu inasema: Karasjok, nje, thelathini na nne chini ya sifuri.
Betri, ishirini na mbili chini.
Waya umo ukutani. Afadhali.
Joto la ukutani halili safari;
joto la njiani hulipwa kwa kilomita.

Nilimwambia hivyo mara sita
mwaka ule alipouza dizeli yake kwa shingo upande.
Mara ya sita akanijibu:
"Kulungu wangu sikuwachomeka ukutani,
na walikimbia."

Hatukugombana.
Simu zilipungua tu, kwa wiki, kwa mwezi,
kama asilimia za gari lililoachwa nje,
hakuna aliyelitumia, na bado zimekwenda.

Betri ya baridi si kwamba haina.
Inayo, haitoi.
Ukiichaji inakaza meno,
ukikanyaga breki hairudishi kitu.
Nawajua watu wa namna hiyo.
Nimezaliwa na mmoja.

Kwa hiyo, kila alfajiri isiyo na alfajiri,
maana Desemba huku jua hatulioni,
nabonyeza.
Ishirini na mbili chini.
Kumi na tisa.
Kumi na nne.
Gari linaota moto gizani, peke yake,
na nyumba nzima ya mbao inaota ndoto.
Theluji ya kioo inalegea ukingoni kwanza,
kisha inateleza kipande kizima, kama ganda la yai.
Hilo silioni. Nalijua.

Saa kumi na mbili na nusu atatoka na kofia yake ya manyoya,
atauvuta waya mgumu kama mfupa,
ataendesha kilomita arobaini na sita kando ya mto
kuwachukua Elle-Máret na mdogo wake Jovnna,
watoto wa nyumba ya mwisho,
awafikishe shule kabla ya kengele.
Hajawahi kuuliza nani anampashia gari.
Hajawahi kulizima.

Alhamisi moja damu haikutosha.
Ajali kwenye daraja, watu watatu, simu kabatini.
Nilipoishika ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini
na moyo wangu ukawa wa kwanza kuganda.
Nikafungua.
Betri: nyuzi tisa, juu ya sifuri.
Viti vya nyuma, vyote viwili: vuguvugu.
Limewashwa saa kumi na moja kasoro robo.
Si na mimi.

Sikumwandikia. Ningeandika nini?
Kesho yake niliamka saa ileile, siku yangu ya mapumziko,
nikatazama namba zikipanda
bila kugusa chochote,
kama mtu anayechungulia jiko la mwenzake
na kuona chungu kimeshatenga.

Tiketi ya ndege nilimtajia shangazi tu.
Shangazi hana siri; nilijua, ndiyo maana nikamtajia.
Ijumaa, Lakselv, ndege ingali inatambaa kwenye barafu,
mkanda haujafunguliwa,
nikaitoa simu kwa mazoea.
Gari lipo uwanja wa ndege. Halina waya.
Nje, thelathini na moja chini.
Na kwenye mchoro mdogo wa viti,
kile cha mbele, cha kulia,
kisichokaliwa na mtu tangu mama,
kimegeuka chekundu.

Bila waya! Joto la njiani!
Nilitaka kumgombeza.
Nikatembea kwenye theluji inayolia chini ya viatu,
nikafungua mlango, nikakaa,
joto likanipanda mgongoni pole pole
hadi kwenye shingo.

Baba akatazama mbele, akatazama kioo,
akagonga skrini kwa kucha ya kidole.
"Asilimia sitini na moja," akasema.
"Inatufikisha."