Daftari Halina Safu Hiyo

Nilifunzwa kuisaka malaria.
Tone la damu, kipande cha kioo, rangi ya Giemsa,
miaka kumi na minne nikihesabu vimelea
hapa spitali ya Chake, chumba cha mwisho, feni mbovu.
Sasa malaria imeadimika.
Kioo baada ya kioo, nakodoa, naandika: hakuna.

Jumanne moja ya Mfunguo Nne
nikasogeza kioo cha mtoto wa Msuka,
nikaziona.
Chembe kubwa, changa, kiini kitupu,
rangi ya zambarau iliyopasukia shati la skuli,
zimesongamana kama watu waliojaa ukumbini
na mwenye arusi hamjui hata mmoja.

Mize Shaame. Miaka sita.
Mamake akasema: ilianza homa, ikaja safura,
kisha mtoto akawa anafanya mavilio
bila ya kuanguka, bila ya kupigwa.
Akampandisha gauni anioneshe paja.
Damu huvilia, na sisi tuna vilio:
lugha yetu iliyalaza maneno haya kitanda kimoja
zamani, kabla sijajua kwa nini.

Mimi si daktari. Nilimwita daktari.
Daktari akapiga simu Unguja,
Unguja wakasema, mvusheni mpaka Dar,
uboho utapimwa huko, na huko watajua
ni ya limfu au ni ya mieloidi,
kwani saratani hii ya damu ina koo mbili:
moja, kwa watoto, aghalabu husikia dawa;
ya pili ni kaidi, hata kwa wenye kila kitu.
Bila ya jina, dawa ni kubahatisha.
Na boti ya Mkoani siku hiyo haikuondoka.

Bi Mkasi, mamake Mize, ana mdogo wake Maskati.
Mtoto wa huyo, Qaisi, aliugua vivi hivi mwaka juzi.
Daktari anasema si urithi, imesadifu tu,
mvua moja imeangukia mapaa mawili.
Qaisi jina la ugonjwa alilipata siku ya tatu.
Mize, siku ya thelathini na nane.
Bi Mkasi alinichezea sauti kwenye simu:
kitoto kinacheka, kinasema meno ya mbele yamengʼoka,
kinamuuliza Mize, yako bado?

Kulikuwa na semina pale Wete.
Mgeni akatandaza ramani ukutani:
huku pamekoza, ugonjwa ni mwingi,
huku ni ukoo huu, kule ni ule,
hapa wanapona tisa katika kumi.
Kwetu pameachwa peupe.
Mtu nyuma yangu akashusha pumzi,
Alhamdulillahi, akasema, kwetu ni nadra.

Nadra ni neno la aliyehesabu.
Nilikaa na soda yangu ikapoa povu.
Miaka kumi na minne, jicho langu linasaka kitu kimoja,
na nisipokiona naandika: hakuna,
nafuta kioo, naita anayefuata.
Vingapi?
Watoto wangapi walirudi Tumbe, Kojani, Kangani
na karatasi yangu mkononi, hakuna,
wakafa kwa homa, kwa jicho la mtu, kwa shetani,
kwa kila jina ila lao?

Daftari lina tarehe, jina, umri, shehia,
kipimo, jibu.
Halina safu ya kilichofuata.
Nimechukua rula, nimeichora mwenyewe,
msitari umepinda kidogo kwenye ukurasa wa pili.
Mkuu wa maabara ameuona, hakusema kitu.
Safu ni tupu karibu yote. Simu hazipatikani,
au anapokea mtu anayesema, ah, yule,
kisha ananyamaza.

Kwa Mize nimetumia penseli.
Yuko hai, wiki ya kumi na moja, nywele zimekwisha.
Kila Ijumaa baada ya sala napiga Dar,
nafuta kumi na moja, naandika kumi na mbili.
Karatasi pale imeanza kuwa nyembamba.